Ustadi ni Amana: Mafunzo ya Njia ya Tabora

Bismillahi Rrahmani Rrahim.



Mzazi anapomleta mtoto wake chuoni kwetu, aghalabu neno lake la kwanza baada ya salamu ni hili: "Maalim, atahitimu lini?" Katika miaka yetu ya kusomesha, waliouliza, "Maalim, akishahitimu ataweza nini?" twaweza kuwahesabu kwa vidole. Hatuwalaumu wazazi, maana nasi walimu tumo katika kosa hilo. Mtoto hufikishwa Suratul Baqara kwa kufuata sauti ya mwalimu, nyumbani hupikwa ubwabwa, watu wakala wakashukuru. Baadaye ukimfunulia ukurasa asiouzoea, husimama kama msafiri aliyefika mtoni asione kivuko. Tumemhitimisha, walakini hatukumsomesha. Na katika skuli za serikali mambo ni yayo hayo: cheti chatafutwa kwa bidii, na kile ambacho cheti chapasa kukishuhudia hakiulizwi.

Kwa sababu hiyo tumependa mwezi huu kusema maneno machache juu ya ustadi: maana yake ni nini, hukuaje, na mipaka yake i wapi. Mifano yetu mingi tutaitoa hapa petu Tabora na katika ile njia ya zamani ya misafara, iliyotoka Bagamoyo ikapita Unyanyembe hata Ujiji. Na mfano mmoja tutautoa katika makosa yetu wenyewe.

MAANA YA USTADI

Watu wengi wasikiapo neno ustadi hudhani ni wepesi wa mkono. Lakini fundi cherehani aweza kuimaliza kanzu kwa siku moja, na kanzu ile ikafumuka kwapani Ijumaa ya pili. Stadi ni mtu aijuaye kazi yake, akaifanya vizuri leo na kesho na mwaka ujao, mbele ya macho ya watu na nyuma ya migongo yao, tena akajua mahali elimu yake inapokoma. Waarabu huliita jambo hili itqani. Imepokewa kutoka kwa Bibi Aisha (R.A.) kwamba Bwana Mtume (S.A.W.) alieleza kuwa Mwenyezi Mungu humpenda mja ambaye afanyapo kazi huitimiza barabara. Hakubagua kazi ya kalamu na kazi ya jembe. Nabii Daud (A.S.), naye ni mfalme na mtume, alifundishwa na Mola wake kufua nguo za chuma za vita, na katika Suratu Sabai ameamrishwa azipime pete zake sawasawa. Basi kama kipimo cha pete ya chuma kimetajwa katika Qur'ani Tukufu, ni fundi gani atakayesema kuwa kazi yake ni duni mno hata haihitaji kipimo?

Ama maelezo yaliyo wazi kupita yote tunayapata katika Suratul Qasas, katika kisa cha Nabii Musa (A.S.) alipofika Madyan. Aliwakuta mabinti wawili wamezuiliwa na umati wa wachungaji, akawanyweshea wanyama wao. Mmoja wao alimshauri baba yake amwajiri mtu yule, kwa sababu mwajiriwa bora ni mwenye nguvu aliye mwaminifu. Wafasiri wamesimulia kwamba mzee alimwuliza binti yake amejuaje. Akajibu kwamba nguvu zake alizijua alipoliinua peke yake jiwe la kisima, na uaminifu wake aliujua pale alipokataa kutembea nyuma yake njiani, akatangulia mbele ili asimtazame.

Ustadi, basi, una miguu miwili. Mguu wa kwanza ni nguvu, yaani kuiweza kazi: mkono uliozoea, jicho linalopima, akili iliyofundishwa. Mguu wa pili ni amana. Asiyeiweza kazi ataiharibu hata akiwa mcha Mungu, na aiwezaye bila ya amana ataigeuza kuwa silaha. Na sasa tuitazame njia.

SHULE YA BARABARANI

Kabla ya garimoshi kufika Tabora mwaka 1912, mizigo yote baina ya pwani na bara la huku ilisafiri juu ya mabega ya watu. Toka Bagamoyo hata Unyanyembe ni zaidi ya kilomita 800. Mwingereza Richard Burton, aliyefika hapa pamoja na mwenziwe Speke tarehe 7 Novemba 1857, alitumia siku 134 njiani. Wapagazi waliokuwa mashuhuri kupita wote katika njia ile ni Wanyamwezi. Leo mtu akisikia neno pagazi hufikiri ni mtu asiye na ujuzi wowote ila shingo ngumu. Hilo ni kosa.

Mpagazi alichukua mzigo wa frasila mbili hivi, yaani zaidi ya kilo 30, mbali na mkeka wake, chungu chake na posho yake. Mzigo wa nguo haukufungwa ovyo. Ulikunjwa ukakazwa kwa kamba hata ukawa mtumba mrefu kama mto wa kulalia, kisha ukaandamishwa na fito kwa urefu wake. Kwa fito hizo mtumba uliweza kuegemezwa mtini wakati wa kupumzika, usilale penye umande, na mwenyewe akauinua tena pasipo kumwita mtu. Mtumba uliofungwa vibaya ulimchubua bega mchukuzi kabla ya kuvuka Ugogo. Burton ameandika kwamba watoto wa Kinyamwezi walianza tangu udogo kujizoeza kwa kuchukua pembe ndogo ya ndovu begani. Tuzingatie hapo: pembe ndogo. Hakubebeshwa mtoto pembe ya mtu mzima ili achekwe akianguka, wala hakuachwa bila ya mzigo hata akaota ndevu. Alipewa kadiri ya bega lake, na bega lilipopanuka mzigo nao ukaongezwa.

Mbele ya msafara alikwenda kirangozi. Huyu alizijua njia, lakini kujua njia kulikuwa ni mwanzo tu wa kazi yake. Yampasa ajue maji yako wapi katika nyika ya Mgunda Mkali, na katika mwezi gani hukauka. Yampasa ajue jumbe gani adai hongo, na kwa lugha gani husemeshwa asikasirike. Yampasa autazame uso wa mchukuzi aliye dhaifu kabla ya kuupima mwendo wa aliye hodari. Njia zilipopandana, kirangozi aliziba njia isiyokuwa yetu kwa majani aliyoyatupa juu yake au kwa mstari alioupiga chini, ili wa nyuma, ambaye pengine yuko mbali kwa saa nzima, asipotee. Alama ile ilikuwa ni kazi ndogo. Hakuna aliyemwona akiifanya, wala hakuna aliyemshukuru. Lakini aliyeisahau aliweza kuua watu kwa kiu.

Angalia pia jinsi mtu alivyopanda daraja katika kazi hii. Sidi Mubarak Bombay alikuwa Myao. Alitekwa utotoni akauzwa, akapelekwa Bara Hindi, na bwana wake alipofariki akawa huru, akarudi Unguja. Mwaka 1857 alikuwa askari wa kawaida wa Sultani alipochukuliwa na Burton na Speke. Kazi yake ya awali ilikuwa kuchukua bunduki, na kufasiri kwa sababu alijua Kihindustani. Katika safari ya Speke na Grant ya mwaka 1860 hata 1863 alikuwa amekwisha kupanda cheo. Mwaka 1871 aliwaongoza watu wa Stanley, na toka 1873 hata 1875 alivuka bara zima pamoja na Cameron mpaka bahari ya magharibi. Chama cha Jiografia cha London kilimtunza nishani na malipo ya uzeeni. Hakuwa malaika, Stanley amemlalamikia kitabuni mwake. Lakini ustadi wake ulijengeka safari baada ya safari kwa muda wa miaka 18, na haukuja kwa cheti wala kwa nasaba.

MZIGO WA MWAKA 1873

Sasa twataka kusimulia kisa kimoja kilichopita katika njia hii, maana ndani yake twaona mambo yote mawili, nguvu na amana, yakitembea pamoja.

Mwezi Agosti 1872 David Livingstone aliondoka Kwihara, karibu na mji wetu, katika lile tembe ambalo mpaka leo lahifadhiwa kama nyumba ya makumbusho. Alielekea kusini, na mwanzoni mwa Mei 1873 akafariki katika kijiji cha Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia. Watu wake walibaki peke yao, mbali na pwani, na maiti ya bwana wao. Lau wangalimzika pale wakaenda zao, hakuna mtu ambaye angaliwalaumu. Lakini walikata shauri kuirudisha maiti kwa jamaa zake.

Tuangalie walivyoigawa kazi. Wote walikubaliana kwamba Susi na Chuma wawe wakubwa wao, kwa sababu hao wawili walikuwa wakongwe katika safari na taabu. Yupo miongoni mwao mtu aliyeitwa Farijala, aliyekuwa zamani mtumishi wa daktari mmoja Unguja, akaona jinsi maiti zinavyopasuliwa. Yeye akapewa kazi ya kuutengeneza mwili. Ukatiwa chumvi, ukaanikwa juani kiasi cha majuma mawili. Jacob Wainwright alijua kusoma na kuandika, na yeye akapewa kusoma maombi ya dini yao na kuchora jina la marehemu katika shina la mti. Mwili ukafungwa kwa nguo, ukatiwa ndani ya gome la mti, ukafunikwa turubali, ukafungwa katika mti wa kuchukuliwa na watu wawili. Hapana aliyesema, "Mimi ndimi mkubwa, nitafanya yote." Mjuzi wa njia hakushika kisu, na mwenye kalamu hakutaka uongozi.

Mwezi Oktoba wakafika Unyanyembe. Hapa walimkuta Cameron na msafara wake, na Sidi Mubarak Bombay akiwa mkubwa wa watu wake. Cameron aliwashauri wamzike hapa hapa, kwa kuwa hatari za Ugogo zalikuwa mbele yao na watu wa huko hawapendi kupitishiwa maiti. Walikataa. Walipoendelea na safari wakafika mahali paitwapo Kasekera, ambapo watu walisikia habari ya maiti wakawa tayari kuwazuia kwa vita. Hapo ndipo ufundi wa upagazi ulipookoa jambo. Waliufungua mwili kutoka katika gome lake, wakaufunga upya kwa mfano wa mtumba wa nguo, mtumba wa kila siku ambao hakuna aujaliye. Kisha wakachukua mabua ya mtama, wakayavika nguo kama maiti, na watu sita wakayabeba kurudi upande wa Unyanyembe, ili ionekane kuwa wamekubali kwenda kuzika huko. Usiku walipofika msituni waliyatupa mabua, wakawarudia wenzao. Na ule mtumba ukapita salama. Mwezi Februari 1874 waliufikisha Bagamoyo, baada ya mwendo wa miezi tisa hivi.

Na pale pwani yalitokea nini? Walilipwa ijara yao, wakaachwa. Katika watu wote wale ni Wainwright peke yake aliyepanda meli pamoja na maiti, iliyozikwa London tarehe 18 Aprili 1874. Susi na Chuma walipelekwa Uingereza baadaye, mazishi yamekwisha.

Msomaji aweza kuuliza, ina maana gani kwetu sisi Waislamu kusifu kazi iliyofanywa kwa ajili ya mtu wa dini nyingine? Tunamjibu kwamba amana haibagui dini ya mwenyewe. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratun Nisai kuzirudisha amana kwa wenyewe, wala hakusema wenyewe wawe nani. Na Bwana Mtume (S.A.W.) alipohama Makka, nao makafiri wa Kikureshi wametega panga mlangoni pake, alimwacha Sayyidna Ali (R.A.) nyuma ili azirudishe mali walizoziweka kwake watu wale wale. Hiyo ndiyo shule yetu.

NGUVU ISIYO NA AMANA

Hatutakuwa wakweli tukiisifu njia hii kisha tukanyamaza juu ya uovu uliopita ndani yake. Njia iliyopitisha mitumba na pembe ilipitisha pia watu waliofungwa minyororo shingoni. Chuma mwenyewe alikuwa kijana wa Kiyao aliyeokolewa katika mikono ya wafanya biashara ya watumwa mwaka 1861. Bombay aliuzwa akiwa mtoto. Watu waliohesabiwa kuwa bidhaa ndio waliokuja kuwa walinzi wa amana, ilhali waliowauza walikuwa na majina makubwa, na baadhi yao, twasema kwa haya, waliswali safu moja na babu zetu.

Wale wakubwa wa misafara ya watumwa hawakuwa wajinga. Walijua hesabu, walijua lugha, walijua kuchagua watu na kuvuka mito. Walikuwa na nguvu ya kazi tele, wakakosa amana. Imekuja katika hadithi iliyopokewa na Bukhari kwamba Mwenyezi Mungu atakuwa mshitaki wa watu watatu Siku ya Kiyama: aliyeapa kwa jina Lake kisha akavunja, aliyemwuza mtu huru akala thamani yake, na aliyemwajiri mtu, akaipata kazi yake kamili, asimlipe ujira wake. Ukizitazama dhambi hizo tatu utaona kwamba zote zina mahali pake katika historia ya njia yetu. Tarehe 5 Juni 1873, wakati ambapo maiti ya Livingstone ilikuwa bado bara, Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja. Soko lilifungwa kwa nguvu za manowari za Waingereza. Lau amana ingalikuwamo katika nyoyo, lisingalifunguliwa asilani.

Hili si jambo la zamani tu. Mwandishi wa hati aijuaye sheria akaitumia kumnyang'anya yatima shamba, mganga azijuaye dawa akauza chupa za maji, kijana azijuaye simu za mkononi akazitumia kuwatoa wazee fedha zao: hawa wote wana ujuzi. Mtoto wako akiwa hodari, usishangilie kabla hujajua uhodari ule ataupeleka wapi.

KOSA LETU

Tumeahidi kusema pia juu ya mipaka ya ustadi, na hapa twatoa mfano katika nafsi zetu, si kwa kupenda kujitangaza bali kwa sababu kosa lililofichwa halimfundishi mtu.

Miaka kadhaa iliyopita alifariki jirani mmoja katika kijiji tulichokuwa tukisomesha. Aliacha mke, na ndugu watatu wa kiume wa baba na mama. Hakuwa na mtoto. Katika nyumba ile alikuwamo mtoto wa mke aliyezaliwa kwa mume wa kwanza, na marehemu alikuwa amemlea kama wake. Baada ya kulipa madeni walibaki ng'ombe wanane. Watu wakatujia: "Maalim, wewe ndiye msomi wetu, tugawie." Sisi tulijua kuisoma Qur'ani na kuisomesha. Elimu ya mirathi hatukuisoma kwa mwalimu. Tulikuwa tumeisikia sikia tu misikitini. Lakini tuliona haya kusema hatujui mbele ya watu waliotuita msomi. Tukagawa.

Tulikumbuka kwamba mke hupata thumuni, tukampa ng'ombe mmoja. Walibaki saba. Kila ndugu alipata wawili, na wa saba, naye ana mimba, akauzwa mnadani, fedha wakagawana wale watatu. Watu wakatuombea dua tukarudi nyumbani tumeridhika.

Baada ya miezi kadhaa alipita sheikh mmoja mwenye elimu ya faraidh, tukamsimulia kama mtu asimuliaye jambo jema alilolifanya. Aliinama kimya, kisha akasema kwa upole, "Maalim, mtoto wa kambo si mtoto wa marehemu. Hamshushi mama yake kwenye thumuni. Haki ya mjane yule ilikuwa robo." Robo ya wanane ni wawili. Yule ng'ombe wa saba, mwenye mimba, alikuwa ni mali ya mjane.

Tulikwenda kwa wale ndugu. Wawili walirudisha, Mwenyezi Mungu awalipe kheri. Wa tatu alikuwa amekwisha kuzitumia fedha zake, nasi tulilipa sehemu yake kwa fedha za asali za misimu miwili. Imepokewa hadithi kwamba mwenye kujitia uganga naye hajulikani kwa uganga huwa ndiye mdhamini wa madhara atakayoyaleta. Nasi tulijiona tumo humo. Lakini ndama alizaliwa katika zizi la mtu mwingine, na maziwa ya mwaka ule mjane hakuyaonja. Hayo hatukuweza kuyarudisha. Tulipomwomba radhi alitwambia, "Nimekusamehe, Mwalimu. Ila siku ile moyo wangu ulikataa, nikajiambia, mwalimu hawezi kukosea." Neno hilo latuuma kuliko hasara ya fedha. Alikuwa ametuamini mahali ambapo hatukustahili kuaminiwa.

Bwana Mtume (S.A.W.) aliwataja masahaba wake kila mmoja kwa fani yake: Ubayy bin Kaab kwa kisomo cha Qur'ani, Muadh bin Jabal kwa elimu ya halali na haramu, Zaid bin Thabit kwa mirathi. Hakumpa mmoja yote, nao wote ni nyota. Na yeye mwenyewe, aliye bora wa viumbe, alipowaona watu wa Madina wakipandisha mitende, akasema neno kwa rai yake, wakaacha, na mavuno yakapunguka, aliwaambia kwamba katika mambo ya dunia yao wao ndio wajuao zaidi. Ikiwa Mtume (S.A.W.) hakuona haya kumwachia mkulima elimu ya mtende, mwalimu wa chuo aona haya gani kusema, "Hili silijui, mwulizeni fulani"? Kuuliza si ujinga, wala kukiri kutojua si aibu. Imamu Ghazali, Mungu amrehemu, aliwalaumu watu wa zama zake kwa kusongamana katika fikihi hali miji yao haina tabibu Mwislamu, na uganga ni fardhi ya kifaya. Umma hauwezi kusimama kwa fani moja.

USTADI HUKUZWAJE

Sasa tuje majumbani, maana huko ndiko ustadi uanziako.

La kwanza, mpe mtoto pembe ndogo. Mtoto wa miaka saba aweza kupewa kazi moja iliyo yake peke yake: kuwapa kuku maji, kupanga viatu mlangoni, kufuta ubao wa chuoni. Iwe kazi ndogo, walakini iwe yake, na ikiharibika aulizwe yeye. Na akiiweza aongezwe.

La pili, mweke karibu na ajuaye. Tazameni warina asali wetu wa misitu ya miombo. Mtoto hufuata mzee msituni, akajifunza ni maua yapi yamechanua, mzinga utundikwe mti gani, moshi utoshao ni kiasi gani, na masega yapi aachiwe nyuki ili koo lisihame. Mwenyezi Mungu amemtaja nyuki katika sura yenye jina lake, akasema kuwa alimfundisha kujenga majabalini, mitini na katika vile watu wavijengavyo. Nyuki amefundishwa na Mola wake; mwanadamu hapana budi afundishwe na mtu.

La tatu, mfunze kwamba ujuzi wa jana si lazima utoshe leo. Wazee wetu walichonga mizinga ya magome, na mti uliobanduliwa gome pande zote hufa. Leo chuo cha ufugaji nyuki hapa Tabora huwafundisha watu kutumia mizinga ya mbao. Mzee mmoja mrina asali alitwambia kwamba mwanzo alicheka, kisha akahesabu miti aliyoiua katika umri wake, akaacha kucheka. Wapagazi nao yaliwapata hayo hayo: reli ilipopita hapa na kufika Kigoma mwaka 1914, kazi yao ikafa. Lakini mtu aliyezoea kufunga mzigo wake vyema aliweza kujifunza kazi nyingine vyema, na mji huu ukawa na chuo cha watu wa reli. Kazi hupita, na tabia ya kuitimiza kazi humfuata mtu kokote aendako.

La nne, usipime kwa cheti peke yake. Mwambie mwanao, "Hebu nionyeshe." Amesoma ukurasa mpya? Afungue, asome. Amejifunza hesabu? Ahesabu fedha za sokoni pamoja nawe. Na binti yako mfanyie kama mwanao wa kiume. Bibi Aisha (R.A.) waliulizwa mambo na masahaba wakubwa, na yule aliyeshauri Musa aajiriwe alikuwa ni msichana, yeye ndiye aliyezijua sifa za mfanyakazi kabla ya baba yake.

La tano, nalo ndilo zito kupita yote: mpe nafasi ya kuaminiwa mahali ambapo humwoni. Sayyidna Abubakar (R.A.) alipomchagua Zaid bin Thabit aikusanye Qur'ani, alimtajia sababu zake: kwamba ni kijana, ana akili, hatuhumiwi, na alikuwa mwandishi wa wahyi. Zaid hakufurahia cheo. Alisema kuwa lau angeamrishwa auhamishe mlima, ungekuwa mwepesi kuliko kazi ile. Mwenye ustadi wa kweli huuhisi uzito wa mzigo kabla ya kuuinua. Ajionaye kila mzigo ni mwepesi, huyo hajaupima.

Ndugu wasomaji, sisi tangu siku ya ng'ombe wa saba tumeanza kusoma mirathi kwa yule sheikh, tukikaa mkekani pamoja na vijana walio rika la watoto wetu. Tunakwenda polepole. Watu wakitujia na mirathi huwaambia, "Bado, nendeni kwa fulani." Na mzazi akituuliza mtoto atahitimu lini, siku hizi humkaribisha akae, tukamwita mtoto, tukafunua ukurasa popote, tukasikiliza pamoja.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape watoto wetu nguvu katika kazi zao na amana ndani ya nguvu zao, atusamehe tuliyoyaharibu kwa kujitia tusiyoyajua, na awarehemu wote waliochukua mizigo ya wenzao katika njia hii wakaifikisha. Amin.

Wabillahi ttawfiq.